Kipande cha Nne Kabla ya cha Tatu

Furaha, uliniomba nikuandikie ninayoyajua kuhusu kazi ya kabini ya sinema, wewe na wenzako wawili mnaoshika funguo zangu sasa. Kwanza nilicheka, kwa sababu kazi ile haipo tena. Nyinyi mnabonyeza kitufe na kumwachia Mungu. Lakini tangu nistaafu nina muda mwingi kuliko nguo za kupiga pasi, na nyumba yangu hapa Ganshoren, pembeni mwa Bruseli, ni kimya kiasi kwamba friji ikinyamaza nashtuka. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili cha marehemu baba, aliyekuwa mwalimu kule Bukavu, Kongo, na aliyetukataza kuandika jinsi tunavyoongea. Vyeo sivitaji, maana vilikuwa viwili tu, na kimoja kilikuwa ufagio.

Ndiyo, niliingia sinema na ufagio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, karatasi zangu za ukimbizi zimetoka majuzi, na binti yangu Neema ana miaka minane. Baba yake alibaki kwenye vita, na mimi sikuwahi kupata kaburi la kulilia. Nilisafisha kumbi saba asubuhi. Bisi zinapendeza zikiwa kwenye kikombe. Zikishalala chini ya kiti na soda juu yake, huwa sementi. Asubuhi moja nilipanda na ndoo hadi kabini, chumba kirefu cha juu chenye projekta, nikamkuta Monsieur Jef. Alikuwa Mbelgiji mzee wa hapa hapa mjini, fundi wa mitambo. Alishika ncha mbili za mkanda uliokatika na hakuwa na mkono wa tatu wa kukata gundi. Aliniita nishike. Nikashika mpaka akamaliza.

"Mikono yako haitetemeki," aliniambia. Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi.

Alinifundisha miaka mitatu. Mtusamehe sisi wa zamani tukieleza, maana nyinyi hamkuyaona. Filamu haikuja kwenye kisanduku kidogo. Ilikuja vipande vitano au sita, kila kimoja kwenye kopo lake la bati, na kila kimoja kilianza na mkanda mtupu wenye namba. Kazi yetu ilikuwa kukata ile mikanda mitupu, kuunga vipande vyote kuwa mkanda mmoja, na kuuzungusha kwenye sinia kubwa la chuma. Filamu ikiondoka, tunavitenganisha, tunarudisha kila namba mahali pake, na makopo yanakwenda sinema nyingine. Nilikuwa na glavu nyeupe za pamba, kidude cha kukatia, na brashi ya kufutia vumbi. Glavu moja bado ninayo. Ya pili iliniacha kama wengi walioniacha.

Monsieur Jef alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi nikaichukia. Usiamini namba aliyoibandika mtu mwingine. Kabla ya kuunga, weka picha ya mwisho ya kipande hiki kwenye mwanga, kisha picha ya kwanza ya kile kinachofuata, uone kama zinafahamiana. Halafu Jumanne, kabla ya filamu kuanza kwa watu Jumatano, iangalie yote. "Mkia na kichwa," alikuwa akisema, "halafu macho yako mwenyewe." Alistaafu, akafa mwaka uliofuata, na mimi nikabaki kabini peke yangu na projekta saba.

Upweke wa kabini nauandika wazi kwa sababu hakuna aliyenionya. Unaona maelfu ya watu, na wote ni visogo. Watu wanacheka chini, na kioo kinakuletea mabega tu yanayotikisika. Sombe yangu, yaani kisamvu, nilikula nimesimama, ya baridi, huku projekta zikiunguruma pande zote. Nikifika nyumbani nilikuwa nikiongea kwa sauti ya juu bila kujua, na Neema alikuwa akiniwekea kidole mdomoni. Hicho kidole kilikuwa furaha ya siku yangu.

Sasa niseme habari yenyewe, ambayo sijamwandikia mtu.

Miaka ile filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilianza kujaa. Zilipokuwa za wanaume, zilikuja kama bwana harusi. Makopo yalifika mapema, nakala tatu mpya zinazonuka dawa. Sanamu za kadibodi zilijaa ukumbini, na kulikuwa na vikombe vyenye sura zao. Jumanne bosi wetu, meneja wa sinema, alikuwa akikaa mwenyewe kwenye jaribio, na alitaka nihesabu kila mkwaruzo. Nyingine zilikuwa mbovu, nawaambieni, mbovu ya kulaza watu. Zikianguka, kwenye mikutano yetu ya Jumatatu walisema hadithi ilikuwa dhaifu, au mvua ilinyesha. Sikumsikia hata mmoja akisema watu wamechoka na wanaume.

Halafu ikaja moja ya mwanamke. Jina lake siliandiki, na wengi hamlijui. Kampuni iliyoitengeneza iliileta wakati wa msimu mfu, nakala moja tu kwa sinema yetu, na hiyo nakala ilikuwa imeshatumika mahali pengine. Bango lilimwonyesha kutoka shingoni kwenda chini. Shujaa wa kiume alikuwa na uso, wa kike alikuwa na kiuno. Nguvu zake zilikuwa kwenye nyayo: ardhi ikitetemeka, anakanyaga peku na inatulia. Na mtu mwenye nguvu kwenye nyayo, walimvalisha viatu vya kisigino kirefu. Bado nawaza nani alikaa ofisini akakubali hilo. Tena hapa Bruseli, kama mnavyojua, maandishi ya chini ni ya Kifaransa na Kiholanzi pamoja, mistari mpaka minne. Kila alipoongea, miguu yake yote ilikuwa chini ya maandishi.

Bosi aliipa ukumbi namba saba, ule mdogo, wenye spika inayokoroma. Jumanne nilimuuliza saa ngapi tunaijaribu.

"Ni filamu ya wasichana," alisema. "Iunganishe tu. Usipoteze mchana wako."

Nami niliiunga tu. Ningeweza kumlaumu bosi, lakini naandika ili nisidanganye. Sikuangalia mkia wala kichwa. Nilisoma namba kwenye mikanda mitupu, moja, mbili, tatu, nikaunga huku nikifikiria keki. Mimi mwanamke, fundi pekee wa kike niliyemjua mjini, niliishika filamu ile kama walivyoishika wengine wote.

Keki ilikuwa ya Neema. Jumatano yake alikuwa anatimiza miaka kumi na miwili, na Jumatano mchana watoto hawana shule. Kwa mwezi mzima alikuwa amewaambia wenzake darasani kwamba mama yake ndiye anayeonyesha filamu, na kwamba kuna mpya ya mwanamke anayetuliza ardhi. Alikuja na wasichana wanne na mvulana mmoja. Kutoka juu nilimwona amekaa katikati yao, kisogo chake kimesimama wima kwa fahari.

Niliposhuka, walikuwa wakicheka mlangoni na yeye hacheki. Mvulana alikuwa akitembea kwa vidole akiuliza viatu vyake viko wapi. Kwenye filamu, wakati ambao hakuna aliyeongea, mwanamke alikuwa amevua viatu akimlilia dada yake aliyekufa. Kisha ghafla dada yuko mezani anakunywa chai, na shujaa amerudi kwenye visigino. Wasichana walisema ni upuuzi. Neema alikuwa ameshabishana nao hadi machozi.

"Iko anakumbuka!" aliwaambia. "Ni souvenir! Ninyi hamuelewi!"

Keki ililiwa kimya kimya. Jioni, wakati naosha sahani, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mama, ile filme iko mubaya, ama ni mimi njo sikuelewa?"

"Filme za banamuke njo vile banazitengenezaka, chérie," nilimwambia. "Usijali."

Kama ningeweza kurudisha sentensi moja maishani mwangu, ningerudisha hiyo. Niliisema nikiwa na povu mikononi, bila kugeuka.

Jumapili mchana nilienda kuangalia taa ya projekta namba saba, na kwa bahati nikachungulia kwenye kioo. Mwanamke yuko peku. Nikaandaa taa ya akiba, nikachungulia tena, yuko kwenye visigino na dada yake anacheka. Nikakumbuka vicheko vya mlangoni. Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu kuingia, nilikata mkanda na kuweka vipande kwenye mwanga. Sinema iliyotangulia ilikuwa imebandika namba ya tatu kwenye kipande cha nne, na ya nne kwenye cha tatu. Kwa siku tano tulionyesha msiba kabla ya kifo. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyelalamika. Walitoka wakasema ni mbaya, kwa sababu walikuwa wameshaambiwa itakuwa mbaya.

Niliviunga upya, safari hii mkia na kichwa. Nikasimama kabini nikaiangalia yote. Haikuwa ajabu ya dunia. Lakini dada anapokufa, halafu yule mwanamke anavua viatu kaburini, anaviacha pale kwenye udongo na havai tena mpaka mwisho, nililia. Nilimlilia mume wangu ambaye hana kaburi. Ilikuwa filamu nzuri vya kutosha, na mimi ndiye niliyeivunja.

Saa nne tulikuwa na mkutano. Kama mnavyojua, Jumatatu ndipo panaamuliwa filamu gani inabaki na gani inaondoka Jumatano. Bosi alikuwa na karatasi yake.

"Namba saba inatoka kesho jioni," alisema. "Kampuni yenyewe imekata tamaa. Mashujaa wa kike hawaendi. Sasa tumeona kwa macho yetu."

Nilifungua mdomo. Niliona uso wa kila mtu pale mezani, na nikajiona mimi, mama wa ufagio aliyepewa projekta. Nikafunga mdomo. Najua kila mji walikoionyesha ilianguka, hata vipande vilipokuwa sawa. Najua pia kwamba miaka iliyofuata, kila aliyeuliza mbona hakuna shujaa wa kike, alijibiwa kwamba tulishajaribu. Katika jaribio hilo, siku tano zilikuwa zangu. Na woga haukuwa wa bosi peke yake. Ningekiri mezani, ningelazimika kukiri na nyumbani.

Jumatatu haikukatwa tiketi yoyote ya ukumbi namba saba. Jumanne, maonyesho ya saa kumi na nusu, ilikatwa moja tu. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kwamba mtu mmoja akinunua, tunaonyesha. Nilichungulia mara moja: mstari wa mbele kabisa, kapushoni, ile kofia ya koti, haijavuliwa. Nikawasha. Kisha taa ya namba tatu ikaanza kupepesa, nikakimbilia huko. Niliporudi majina ya waigizaji yalikuwa yamekwisha na ukumbi mtupu. Nikafurahi kidogo, kusema kweli. Nilijiambia kwamba angalau mtu mmoja Bruseli ameiona ilivyotengenezwa. Halafu nikavitenganisha vipande, nikabandika namba sahihi, nikafunga makopo.

Neema hakuja tena sinema. Mwanzoni alisema ana masomo ya nyumbani, baadaye hakusema kitu. Sikumlazimisha. Nilijua sababu, au nilidhani najua, na nikaona ukimya ni nafuu. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mimi niliuficha kwa bidii.

Miaka ikaenda. Ile ya elfu mbili na kumi ilipoanza, waliondoa projekta za mkanda. Zikaja hizi mnazozijua, filamu kwenye kisanduku na namba ya siri ya kuifungulia. Vipande haviwezi kukosea tena, na mikono haihitajiki. Tulikuwa wanne, mimi kabini na watatu mapokezi ya makopo, nikabaki mmoja. Wiki nyingine nilipita bila kuongea na mtu zaidi ya bonjour na habari ya ufunguo. Neema alihamia Woluwe, upande wa pili wa mji, kusomea uuguzi, kisha akapata kazi hospitali. Alikuwa akinipigia Jumapili. Tulizungumza habari ya hewa, ya wagonjwa, ya bei ya mihogo, na kila mara niliona ile sentensi imekaa kwenye ulimi, halafu namtakia usiku mwema.

Mashujaa nao walizidi, sasa wakaanza kuja kwa makundi, na kila kundi lilipewa mwanamke mmoja kama chumvi. Kuna msimu vikombe vililetwa vyenye wanaume wote wa kundi na yeye hayumo. Msichana mdogo aliuliza dirishani kikombe chake kiko wapi. Muuzaji aligeuza vyote kimoja baada ya kingine, kwa heshima kabisa, akijua hakuna. Nilipanda ngazi haraka ili nisimtazame yule mtoto usoni.

Halafu mwishoni mwishoni mwa kazi yangu ikaja ile kubwa ya mwanamke, mnaikumbuka wenyewe. Kumbi tatu. Kadibodi yake ilikuwa ndefu kuliko mimi, uso mbele, na mimi nilikagua viatu kwanza. Vilikuwa na soli ya kukimbilia. Kampuni ilituma barua nne za maelekezo. Bosi mpya alitembea akisugua mikono na kusema kwamba yeye alijua siku zote watu wanataka mashujaa wa kike. Nilimtumia Neema ujumbe: Jumatano mchana, njoo, mama anakuomba.

Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu ya uchovu, viatu vyeupe vya hospitali miguuni. Mashine ilijiwasha yenyewe, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilikaa ukumbini karibu na mwanangu. Nilisikia watu wakicheka na sauti ikiwepo. Wanawake walitoka wakifuta machozi, na wasichana walikuwa wakirukaruka kwenye ngazi. Sisi tulikaa kwenye benchi la mlangoni, pale pale wale watoto walipocheka siku ile.

"Neema, kuko kitu sijakuambiaka."

"Sema, mama."

Nikamwambia yote. Namba zilizobadilishwa, mkia na kichwa, mkutano, mdomo wangu uliofungwa. Nilimwambia kwamba hakukosea kuelewa, kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Alinisikiliza akiangalia viatu vyake.

"Minajua, mama."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilirudiaka. Mardi ile, Jumanne, kisha masomo. Nilisema banipe salle sept, ya namba saba."

"Ulirudia kufanya nini?"

"Nilitaka nijue kama ni mimi njo sikuelewaka." Aligusa ncha ya kiatu chake. "Alivulaka viatu, mama. Hakuvivalaka tena. Nililia mule, mi peke yangu."

"Ni weye ulikuwa na kapushoni?"

"Mvula ilikuwa inanyesha."

Tulikuwa wawili tu mji mzima tulioiona ile filamu sawasawa, mmoja kila upande wa kioo.

"Mbona hukuniambia?"

"Filme ilipoishaka, niligeuka nikapunga mukono ku kile kioo chako. Nilijua ni we ulitengeneza. Nilipunga, nikapunga. Hakukuwa muntu." Alivuta koti lake. "Bon, nikasema labda hataki nijue. Alors nikangoja uniambie. Douze ans, mama. Miaka kumi na mbili."

"Unisamehe, mwanangu."

"Siko na hasira. Nilizoea tu."

Furaha, ningependa zaidi angenikasirikia. Hasira ina mlango wa kuingilia. Kuzoea hakuna hata dirisha. Tulikaa pale mpaka watazamaji wa maonyesho ya pili wakaanza kuingia. Alivua viatu vyake vya kazi, akaegemeza kichwa begani kwangu, akalala kama dakika kumi, na mimi sikuthubutu kujikuna.

Basi ushauri wangu kwenu ndio huu, na hauko kwenye kitabu cha mashine. Najua sasa hakuna haja ya kuwa kabini filamu inapoisha. Taa zinawaka zenyewe, pazia linajifunga lenyewe. Pandeni hata hivyo. Hata kama ni filamu ambayo bosi amesema ni ya wasichana tu, hata kama imekatwa tiketi moja, simameni kwenye kioo mpaka yule mtu wa mwisho atoke.

Neema amepata Jumatano hii bila zamu. Tumechukua viti viwili ukumbi namba saba, mstari wa mbele. Majina yakianza kupanda tutageuka, wanawake wawili, tutapunga mkono. Uwepo.